Mwanachama wa Zamani ni Nani?

Kikundi cha utafiti cha chuo kikuu kikiwa na tovuti, kwa kawaida huwa na orodha mbili za watu. Ya kwanza ni ya walioko: profesa juu, halafu wanafunzi wa uzamifu, wa uzamili, na mwisho wale wa shahada ya kwanza wanaokuja wakati wa likizo. Ya pili iko chini kabisa, mahali ambapo ukisoma kwa simu unachoka kabla ya kufika. Hiyo ni ya waliokuwa wanachama. Picha zao mara nyingi zimeshaondolewa. Limebaki jina, mwaka, na mahali mtu alipotua: huyu kaajiriwa kiwandani, yule anafundisha, yule mwingine ana kampuni yake.

Mimi husoma hizo orodha za chini. Hasa za vikundi vinavyounda vitu vidogo mno na vile vya uchapishaji wa 3D, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nikielekea kabla niache chuo. Na swali huwa ni lile lile: mtu akiondoka, anabaki na nini pale? Simaanishi kumbukumbu na picha za sherehe. Namaanisha haki. Je, kikundi kina deni kwa aliyeondoka, ama mlango ukishafungwa hesabu nayo imefungwa?

Wacha tuanze na kazi yenyewe. Ili kuunda kifaa kidogo mno unachukua kipande cha silikoni, unakipaka dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, unakizungusha kwa kasi ili dawa itandae sawasawa, unakioka, unakimulika kupitia kiolezo chenye michoro, kisha unakiosha. Mistari inayobaki inaweza kuwa na upana wa maikromita chache tu, na unywele wa kichwa chako una unene wa takriban maikromita 70. Ukikosea joto la kuoka au sekunde za kuosha, anza upya. Printa ya 3D nayo ina visirani vyake. Plastiki ikinyonya unyevu inatoa mapovu. Meza isipokaa sawa, tabaka la kwanza halishiki, na kama la kwanza halijashika, mengine yote ni bure.

Vitabu vinaeleza haya, lakini mashine ya maabara yako ina tabia ambazo hakuna kitabu kinazijua. Mtu wa kwanza huzijua baada ya kuharibu vipande vingi. Wa pili anaambiwa na wa kwanza. Wa tano anadhani mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Muulize shosho yako kipimo cha maji ya chapati, atakwambia uongeze mpaka unga ukubali. Maabara inaishi kwa ujuzi wa aina hiyo, unaopita kutoka mkono hadi mkono, na mikono mingi kati ya hiyo haiko tena pale.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kikundi cha watu 10, kila mmoja akae miaka 5. Baada ya miaka 20 wamepita watu 40, na 30 kati yao wameshaondoka. Kwa hivyo tukisema kikundi fulani kimefanikiwa, kwa sehemu kubwa tunawasifu watu wa ile orodha ya chini. Anayebaki miaka yote ni profesa, na ndiyo maana maabara huitwa kwa jina lake.

Sasa tuone jina la mtu linaponaje. Carl Deckard alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas pale Austin alipowaza kuunganisha chembe za unga kwa leza, tabaka baada ya tabaka, mpaka umbo litokee. Katikati ya miaka ya 1980 alilifanyia kazi wazo hilo akiwa mwanafunzi wa uzamili chini ya Joe Beaman. Mashine ya mwanzo waliiita Betsy, na unga aliunyunyiza kwa mkono. Hataza yake ilitolewa mwaka 1989. Wazo likazaa kampuni iliyoitwa DTM, ambayo 3D Systems iliinunua mwaka 2001. Deckard alifariki mwaka 2019, na leo ukifungua historia ya uchapishaji wa 3D utamkuta. Jina lake limeshikiliwa na vitu vitatu: shahada, hataza na kampuni. Vyote vitatu ni karatasi.

Ukikosa karatasi, mambo ni mengine. Kule Nagoya, Japani, Hideo Kodama alichapisha mwaka 1981 maelezo ya njia ya kujenga umbo kwa kugandisha plastiki ya majimaji kwa mwanga. Ombi lake la hataza halikufika mwisho. Mwaka 1984, Wafaransa watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André, waliwasilisha ombi lao mwezi wa Julai, wiki tatu hivi kabla ya Chuck Hull wa Marekani kuwasilisha lake. Waajiri wao hawakuona biashara ndani yake, wakaliacha. Uliza leo nani alianzisha uchapishaji wa 3D, utaambiwa Hull. Na Hull hakumwibia mtu. Kinachonisumbua ni hicho hasa: mtu anaweza kufutika bila yeyote kumfuta.

Hili si geni. Mwaka 1989 mwanahistoria Steven Shapin aliandika kuhusu mafundi wa maabara ya Robert Boyle, Uingereza ya karne ya 17. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono waliifanya wao, lakini wengi hawatajwi kwa majina. Sayansi mpya ilipoanza kuandika matokeo, ilianza pia kusahau walioshika vyombo.

Kwa upande wangu, niliacha uhandisi mwaka wa tatu. Karo. Hakuna drama hapo, ni hadithi ya watu wengi. Ila kabla niondoke, mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumefufua printa moja ya idara, na nikaandika karatasi moja ya hatua za kusawazisha meza na joto linalofaa kwa kila aina ya plastiki. Chini nikaweka majina yetu matatu. Mwaka jana rafiki aliyebaki alinitumia picha: karatasi bado iko ukutani. Lakini ni fotokopi ya fotokopi, na sehemu ya chini imekatwa. Hatua zote zipo. Majina hayapo.

Nilimwonyesha huyo rafiki rasimu ya makala haya. Akacheka. “Bana, tukianza kuandika kila aliyegusa mashine, orodha itafika Mombasa.” Ana hoja. Walioko ndio wanaokesha, ndio wanaojibu barua pepe za profesa saa nne usiku. Mtu aliyeondoka miaka sita iliyopita akija kudai sehemu ya kila kitu kipya, huo ni ulafi. Na kuna wengine walipita tu pale, wakanywa chai, wakaenda.

Hapo ndipo neno lenyewe linanisaidia. Mwanachama ni mwana wa chama, na mwana hageuki kuwa mwana wa zamani hata akihama nyumbani. Lakini sisi Wakenya tunavijua vyama vya namna nyingine pia, vile vya kuchanga pesa kila mwezi. Ukitoka kwenye chama cha aina hiyo, humiliki plot itakayonunuliwa mwaka ujao. Hiyo ni haki, hukuchangia. Ila hakuna mweka hazina mwenye akili timamu atakayefuta kwenye daftari michango uliyotoa ukiwa ndani. Akifuta, hata kama wewe hutaki kurudishiwa hata shilingi, daftari limekuwa la uongo, na walioko wanajidanganya kuhusu plot yao ilitoka wapi.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Aliyeondoka hana haki juu ya kesho ya kikundi. Ana haki juu ya jana yake, na haki hiyo haitegemei kama alimaliza shahada. Kazi haijui kama aliyeifanya alivaa joho. Joto sahihi la kuchapisha plastiki ni sahihi hata kama aliyeligundua alifukuzwa na karo wiki iliyofuata. Shahada inathibitisha kwamba umetimiza masharti ya chuo, na hilo si jambo dogo. Lakini kutumia shahada kuamua nani aliwahi kuwa mwanachama ni kutumia mizani kupima urefu.

Na suluhu si ngumu hivyo. Kuna utaratibu unaoitwa CRediT, unaotumiwa na majarida mengi ya kitaaluma, unaogawa kazi ya utafiti katika majukumu 14: aliyewaza, aliyeandika programu, aliyefanya majaribio, aliyetafuta vifaa, na kadhalika. Anayeondoka naye ana wajibu wake. Asiondoke na siri ya mashine kichwani kana kwamba ni mali ya babake. Akabidhi.

Kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu kazi hizi ziko hapa kwetu pia. Ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kampuni inayotengeneza vifaa vya semikonda. Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana yake ya Fablab. Vijana wataingia na kutoka, na wengine watatoka kwa sababu ya pesa, si kwa kukosa akili. Tabia tutakazozoea leo ndizo zitakazoamua nani atahesabiwa.

Rafiki yangu bado hajakubaliana nami kuhusu ile orodha ya kufika Mombasa. Tumebishana mpaka bando ikaisha. Lakini aliniuliza majina ya wale wenzangu wawili yanaandikwaje, na nikamtumia.