Maharage ya Tabata na Miti ya Morogoro

Yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi, jibu la vijiweni na kwenye daladala ni moja: waliochafua anga ni mataifa makubwa, basi wasafishe wenyewe. Jibu hilo lina haki ndani yake. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayozalishwa duniani, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka waliotuingiza kwenye janga hili wabebe mzigo wake.

Lakini mafuriko hayasubiri kesi iishe. Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizoandamana na El Niño, zilikuwa zimeshaua watu 155. Wataalamu wanatueleza kwamba joto la hewa likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa hiyo huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo ndio unaorudi chini kama mvua ya kufagia madaraja. Anayemdai jirani fidia ya paa bado ana wajibu wa kuliziba kabla masika hayajaingia.

Wajibu wangu, mimi mkazi wa Tabata, niliutafuta mahali ambapo mkono wangu unafika. Sina kiwanda wala sipandi ndege. Ninachofanya kila siku ni kupika, na jijini Dar es Salaam chakula na mkaa ni chanda na pete. Nikaanzia hapo.

Mkaa tunauona ukiwa umeshafungwa kwenye gunia, umepakiwa nyuma ya pikipiki. Tanuru lenyewe hatulioni. Huko porini magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huwashwa na kuachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa, yakipata hewa kidogo tu. Kwa tanuru la kienyeji, kilo 50 za mkaa huweza kumeza kilo 250 hadi 500 za kuni. Maana yake ni kwamba kabla sijawasha jiko langu, sehemu kubwa ya mti imeshapotelea hukohuko.

Na miti ina kazi ya kutunza maji. Mto Ruvu, unaolipatia jiji hili sehemu kubwa ya maji yake ya bomba, unaanzia milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kikashuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji, ndoo zikapangwa foleni. Sisemi mkaa peke yake ndio uliokausha mto. Nasema ardhi iliyovuliwa miti haishiki maji ya mvua, na ukame ukifika tunakuta hatuna akiba.

Jikoni kwangu, kilichokuwa kinakula mkaa kuliko vyote ni maharage. Siku hizi nayaloweka usiku. Asubuhi namwaga maji yale, nayasuuza, nayatia kwenye presha kuka ya umeme na kufunga mfuniko. Yanaiva kabla ya saa moja kwisha, na umeme wa LUKU haupungui hata uniti moja. Kitunguu, nyanya na tui la nazi vinafuata baadaye. Mboga na chai napikia gesi. Najua gesi ya mtungi nayo inatokana na mafuta ya ardhini, ila haikati mti, wala haimjazi mpishi moshi kifuani. Mengine ni ya kawaida: kikapu changu cha ukindu sokoni, mwarobaini niliouotesha mbele ya nyumba, na mtaro wa mtaa wetu tunaouzibua pamoja ili mvua ikute njia.

Pale mtaani kuna mama anayeuza mkaa kwa kopo. Nilipompitia siku moja nikamwamkia, akaniuliza mbona sinunui tena.

"Siku hizi maharage napikia umeme, mama."

"Sawa, mwanangu, wewe umeweza," akanijibu. "Hawa wateja wangu mkononi wana elfu moja ya leo. Hilo jiko lako watalipata wapi? Na mkaa wenyewe umekuwa wa shida. Zamani ulitoka hapo Kisarawe, sasa hivi unatoka Kilwa huko."

Maneno yake yamenikaa moyoni kuliko hotuba nyingi. Kwanza, amenionyesha kwamba msitu unazidi kurudi nyuma, na anayelipa nauli ya umbali huo ni mnunuzi wa kopo. Pili, ameniwekea mizani. Tunayaambia mataifa makubwa kwamba mwenye uwezo atangulie, na tuko sahihi. Basi kanuni hiyohiyo inanihusu mimi hapa Tabata. Mwenye mshahara, mwenye LUKU, mwenye fedha ya kununua jiko kwa mkupuo, hana haki ya kumnyooshea kidole mwenye elfu moja ya leo. Anachopaswa ni kutangulia, kisha kumfungulia njia aliye nyuma.

Njia hiyo ipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila halitafikiwa kwa kugawa mitungi kwenye mikutano kisha watu wakakosa fedha ya kuijaza. Litafikiwa gesi ikiuzwa kidogo kidogo kama unavyouzwa mkaa, majiko ya umeme yakikopeshwa kwa malipo madogo, na yule mama akawezeshwa kuuza gesi badala ya mkaa ili riziki yake isikatike.

Ndugu msomaji, kama unao uwezo, usisubiri mikutano ya dunia ifikie muafaka. Loweka maharage leo usiku. Kikoba chenu kikigawa fedha mwisho wa mwaka, pendekezeni kununuliana majiko kwa zamu. Na mgombea akija kuomba kura mtaani kwako, muulize gesi ya elfu moja itafika lini. Tukitimiza yetu, tutakuwa na uso wa kuwadai wakubwa watimize yao.