Baba, Mwana na Sitara: Je, Talaka Ichekwe?

Swali tunalokusudia kulijadili hapa wahakiki wetu wamelipita kando: je, ni halali kimaadili kumfanya baba aliyeacha mke, aishiye na mwanawe wa kiume, kuwa kichekesho? Televisheni ya Marekani haikuwa na wasiwasi. Two and a Half Men (2003–2015) ilimcheka baba wa namna hiyo kwa misimu 12. Gary Unmarried, iliyoanza mwaka 2008, ilizimika baada ya misimu 2. Kwetu Kenya, Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa Vitimbi waligombana kwa miaka mingi katika KBC, lakini kicheko chao kilisimama juu ya nyumba ambayo haikuvunjika. Nyumba iliyovunjika haikupewa mchezo wake.

Jibu la haraka la mtu wa pwani ni sitara. Katika kisiwa kidogo kama Funzi, watalaka wawili hushuka bandari moja na kuzikana makaburi mamoja. Nani kamwacha nani, na kwa nini, ni jambo linalojulikana. Sitara basi si kutojua. Ni kukubaliana kutosema. Na abebaye mzigo mzito zaidi wa kutosema ni mtoto.

Tuitazame Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maksuudi amemtaliki Tamima. Kisha Kazija anamtega yeye na mwanawe Mussa hata wakakutana nyumbani kwa mwanamke mmoja. Kifani, hili ni tukio la ramsa tupu: mlango, hawara, wanaume wawili wasiotarajiana. Hata hivyo msomaji hacheki. Wapo watakaosema mwandishi alikosa ucheshi, sisi hatukubali. Kicheko kinakwama kwa sababu nyuma ya mlango ule yupo Tamima, ambaye mateso yake tumekwisha kuyashuhudia. Vichekesho vya baba mtalaka hununua kicheko chake kwa kumtoa mama jukwaani, au kwa kumrudisha akiwa mwenye gubu tu. Hapo ndipo dhuluma ilipo, wala si katika kicheko chenyewe.

Lakini je, mwana? Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto mdogo hulelewa na mama. Akifikia umri wa kupambanua, yapata miaka 7, huweza kupewa hiari ya kuchagua. (Katiba ya 2010, kifungu cha 53, nayo imewapa wazazi wote wawili wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la.) Hiari hiyo ni heshima kubwa kwa mtoto, na ni mtihani mkubwa pia, kwani amefanywa hakimu wa wazazi wake. Mtoto aliyeaminiwa kumchagua baba, kwa nini asiaminiwe kuziona kasoro za baba huyo na kuzisema?

Kikwazo ni kwamba utamaduni wetu umeupa utani mahali pake. Babu na mjukuu hutaniana. Baba na mwana hustahiana. Mchezo wa kigeni unaomruhusu kijana wa miaka 15 kumkejeli babake mezani unadai utani mahali tulipoweka staha, na mtazamaji wa Msambweni huona ufidhuli kabla ya kuona mzaha. Kumlaumu kwamba hajaendelea ni uhakiki mvivu.

Hata hivyo nyumba ya watu wawili, baba na mwana peke yao, ni dhana ya Hollywood. Mara nyingi kwetu mtoto wa talaka huangukia mikononi mwa bibi yake, mzaa baba. Huyo ana ruhusa zote mbili: kumtania mjukuu, na kumsuta mwanawe mbele ya mjukuu huyo bila ya adabu kuvunjika. Aidha, aweza kulitaja jina la mkaza mwana aliyeondoka, na kusema alidhulumiwa. Mtunzi atakayeandika mchezo huu, hasa akiuandika kwa Chifundi, aanze na kiti cha bibi huyo.