Sadaka Iliyobebwa na Kitabu

Mwaka 1993 Mmarekani Greg Mortenson alishindwa kufika kilele cha mlima K2, Pakistani. Kitabu chake cha 2006, kinachosimulia jinsi safari hiyo ilivyomgeuza mjenzi wa shule, kilisomwa na mamilioni, na michango ikamiminika kwa shirika lake la kujenga shule.

Mwaka 2011 simulizi ikatiliwa shaka hadharani. Mwaka uliofuata, baada ya uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la Montana, Marekani, kuhusu fedha za shirika, Mortenson alikubali kulirudishia takriban dola milioni 1.

Je, sadaka ilikuwa batili? Katika Qurani, aya ya 271 ya sura ya Al-Baqara inaikubali sadaka ya wazi, ingawa ya siri ina daraja ya juu. Kutangaza, basi, si kosa. Kosa ni kumwaminisha mtoaji lisilokuwepo, hata kama madarasa yamejengwa kweli. Na msichana anayesoma humo, Baltistan, kaskazini mwa Pakistani, hadaiwi kuitetea hadithi ya yeyote.