Mkono wa Kike

Nyumbani kwetu Igunga, picha ya babu imetundikwa ukutani juu ya kochi. Alipigwa studio, mwaka ambao pamba ilimlipa. Mkono wa kulia umelala gotini. Wa kushoto umesogezwa mbele, shati limekunjwa kidogo ili saa ionekane. Niliitazama picha hiyo miaka mingi kabla sijajiuliza: mbona mkono tuliokatazwa kuutumia mbele za watu ndio uliopewa heshima mbele ya kamera?

Maana tulikatazwa kweli. Wa kulia ndio wa kulia chakula, mkono wa kuume; wa kushoto wazee waliuita mkono wa kike. Mtoto akipokea kitu kwa kushoto, anapigwa kikofi. Lakini mwangalie mama wa Kinyamwezi anapompa mgeni maji: wa kulia umeshika kata, wa kushoto unagusa kiwiko cha mwenzake. Uondoe mguso ule na maji yatafika vilevile, ila mgeni atajua amepungukiwa kitu.

Nahodha wa timu ya mpira naye hufunga kitambaa chake mkono wa kushoto, na timu ikiwa na msiba, kitambaa cheusi hukaa papo hapo. Zamani nilidhani sababu ni uvivu wa mkono huo: usio na kazi ndio unaobebeshwa alama. Sidhani hivyo tena. Bondia asiye wa shoto hutanguliza kushoto. Mkono huo ndio unaopima umbali na kukutana na ngumi, wakati wa kulia unasubiri nyuma zamu yake ya kusifiwa. Kazi ya kushoto ni kupokea, na kinachopokea ndicho kinachobaki na alama.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipita mkoani kwetu. Mwaka 1844, huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, simba alimrukia mmisionari David Livingstone akauvunjavunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Mebalwe, msaidizi wake, alimvuta simba yule kwake, akang'atwa paja. Mfupa uliunga vibaya, na tangu hapo Livingstone hakuweza kuuinua mkono ule sawasawa. Alifariki kijijini kwa Chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba walifika Kwihara, jirani na Tabora mjini. Mwingereza Cameron, waliyemkuta pale, aliwashauri wamzike hukohuko. Walikataa, wakaendelea na safari mpaka Bagamoyo, Februari 1874.

Mwili ulipofika London, uso haukuweza tena kusema ni wa nani. Wachoraji na wapiga picha walikuwa wameuhifadhi kwa miaka, na haukusaidia kitu. Daktari William Fergusson aliutafuta mkono wa kushoto, akaukuta mfupa umeunga vibaya palepale simba alipouma. Ndipo Aprili 18 akazikwa Westminster Abbey. Kwangu mimi, mfupa ule ndio picha yake ya kweli.

Kila ninapopita Nzega kwenda Tabora huwakumbuka wapagazi wale. Mzigo wa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, lazima uliandika kitu miilini mwao. Mwaka huohuo wa 1874 Chuma na Susi walifika Uingereza, wakapigwa picha. Walivaa nguo nzuri, na mabega hayaonekani.