Bibi Aliolewa na Miaka 15. Kosa Liko Wapi?



Baada ya ibada mzazi mmoja aliuliza: "Bibi yangu aliolewa na miaka 15, akatulea vizuri. Leo serikali ya hapa inasema ni kosa. Je, bibi alitenda dhambi?"

Kwanza, asijivune mtu. Hadi mwaka 1929, sheria ya England iliruhusu binti wa miaka 12 aolewe na mvulana wa miaka 14 aoe. Umri huo ulitoka kwa Warumi, na Kanisa likaupokea kwa karne nyingi. Mwaka 1929 ukapanda hadi 16. Miaka 18 kwa wote, England na Wales, ni tangu Februari 2023 tu. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Lakini Kanisa hilohilo lilifundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili. Na "ndiyo" ina maana kwa yule tu anayeweza kusema "hapana". Mtoto anayekula kwa baba, mahari imeshapokelewa, wajomba wamejaa sebuleni, atamwambia nani hapana?

Someni Mwanzo 24. Zawadi zilikuwa zimeshatolewa, lakini ndugu zake Rebeka walimwita, wakamwuliza mwenyewe kama atakwenda na mtu yule.

Bibi hakutenda dhambi. Hakuna aliyemwuliza. Na ndoa kudumu si ushahidi kwamba aliridhika. Wengine walivumilia kwa sababu hawakuwa na pa kurudi.

Likizo ya shule inakaribia, na baadhi yetu tutawapeleka mabinti nyumbani kusalimia. Tujue kwamba sheria ya hapa humfuata mtoto anayeishi hapa hata harusi ikifanyika nje ya nchi, na hata ikiwa ni sherehe ya kimila au ya kidini isiyo na cheti. Anayempeleka kuolewa anaweza kufungwa.

Ila tusiishie kwenye hofu ya polisi. Kama kuna mazungumzo yoyote ya posa, yasimame mpaka atimize miaka 18. Siku hiyo ikifika, mwulizeni mwenyewe, kabla ya mahari na si baada yake. Akisema hapana, abaki kuwa mtoto wenu.

Mungu awabariki. Amina.