Nani Aliyewaozesha?

Sheria ya ndoa ya Australia ya mwaka 1961 haitaki mengi. Mfungishaji wa serikali awakumbushe wawili hao uzito wa jambo wanaloliingia. Atamke kwamba ndoa ni muungano wa watu wawili, kwa hiari yao, kwa maisha yao yote, pasipo mwingine kuingia kati. Kisha kila mmoja awaombe waliohudhuria wamshuhudie akimchukua mwenzake. Mashahidi wawili wenye umri wa miaka 18 au zaidi watie saini. Basi. Pete, maua na machozi ya mama ni shauri la wenyewe.

Mmoja wa mashahidi hao nilikuwa mimi, na tangu siku ile watu wenye akili zao timamu wamekuwa wakiniambia kwamba nililolishuhudia halikuwa ndoa.

Bibi harusi ni muuguzi mwenzangu katika nyumba ya wazee mjini Warrnambool, kusini magharibi mwa jimbo la Victoria. Kwao ni Koroit, mji mdogo wa viazi na ng'ombe wa maziwa, ambako makaburi yamejaa majina ya Kiayalandi na kila mwaka hufanyika tamasha la Kiayalandi. Bwana harusi anatoka County Meath, Ayalandi kwenyewe. Utadhani basi hapana cha kuchanganya. Kumbe hao ndio wagumu kuwakutanisha. Bibi harusi ni wa uzao wa mmoja wa wale wasichana yatima, zaidi ya 4,000, waliotolewa kwenye nyumba za maskini za Ayalandi wakati wa Njaa Kuu na kuletwa Australia kwa meli kati ya mwaka 1848 na 1850. Wasichana wale walikuja na dini yao kama ilivyokuwa miaka ile, na wajukuu wakaitunza hivyo hivyo. Waliobaki kwao wakaendelea na safari yao: mwaka 1995 walipiga kura kuruhusu talaka, mwaka 2015 wakaruhusu ndoa za jinsia moja. Ndiyo maana, katika mabishano ya miezi kadhaa niliyoyasikiliza wakati wa chai, upande wa Australia ndio uliotaka padri, na upande wa Ayalandi ndio uliotaka kamba ya kufunga mikono.

Jioni ya kuamkia harusi, mama mzaa bwana harusi alitoa kwenye sanduku sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague aliyoisafirisha nusu ya dunia ikiwa imeviringishwa kwenye soksi. Huko kwao sanamu hiyo huwekwa nje usiku, chini ya kichaka, ili siku ya harusi mvua isinyeshe. Shingoni ilikuwa na mstari wa gundi. Wapo wanaoshikilia kwamba haifanyi kazi mpaka iwe imekatika kichwa, tena kwa bahati mbaya; ukiivunja makusudi umejidanganya mwenyewe. Nikamuuliza kama anaamini. Akaniambia haamini hata kidogo, ila hawezi kulala ikiwa ndani. Kanisa Katoliki la Koroit lenyewe limepewa jina la Mtoto Yesu, na mama yule alilichukulia hilo kuwa dhamana ya ziada. (Mvua ilinyesha, lakini baada ya chakula.)

Asubuhi tulikusanyika ukingoni mwa Tower Hill, volkano iliyozimika. Mama mmoja mtu mzima, wa wenyeji wa ardhi ile tangu asili, alitukaribisha kwa lugha yake na kuchoma majani mabichi ya mkalitusi, tukapita ndani ya moshi mmoja mmoja. Mimi mtu wa pwani, kufukizwa hakunishangazi. Mfungishaji, mwalimu mstaafu, akasema maneno ya sheria. Kisha mikono ya wawili hao ikafungwa pamoja kwa kamba iliyosokotwa kwa tai ya marehemu babu yake bwana harusi na kipande cha kitambaa walichobatiziwa watoto wa ukoo wa bibi harusi. Pete zilikuwa za Claddagh, mikono miwili imeshika moyo wenye taji. Kisa cha Galway kinasema fundi wake wa kwanza, Richard Joyce, alitekwa na maharamia akauzwa Algiers, akajifunza usonara kwa bwana wake Mwislamu. Kiwe kweli kisiwe, nilikipenda.

Mjomba wa bibi harusi hakuja. Alikuwa ameshasema kwamba Mkatoliki aliyebatizwa akioana nje ya Kanisa bila kibali, mbele ya Mungu hajaoa wala hajaolewa, na kwa sheria za Kanisa lake hakukosea. Lakini aliongeza neno "tangu zamani", na hapo ndipo ninapobishana naye. Kabla ya Mtaguso wa Trento kutoa amri yake mwaka 1563, mwanamume na mwanamke wakiambiana maneno ya kuoana, hata ghalani bila padri, Kanisa liliwalaumu kwa kuficha, lakini liliikubali kuwa ndoa. Nchi nyingi amri hiyo haikuzifikia mpaka ilipoanza kutumika ile nyingine, mwaka 1908. Na mpaka leo mafundisho yao yanasema wanaopeana sakramenti ya ndoa ni wenyewe wawili. Padri ni shahidi mkuu.

Rafiki wa bwana harusi, aliyeifunga kamba, alikuwa na "tangu zamani" yake pia. Alituambia hiyo ni ibada ya Ayalandi ya kabla ya Ukristo. Hapo napo nina shaka. Sheria za kale za Ayalandi zina kitabu kizima cha ndoa, cha karibu mwaka 700, nacho kinahangaika na mali: nani kaleta ng'ombe wangapi, nani ataondoka na kipi. Huko kwao Meath, mahali paitwapo Teltown, mtafiti John O'Donovan aliandika mwaka 1836 habari alizosimuliwa na wenyeji, kwamba zamani watu walioana pale kwa mwaka mmoja na siku moja. Wakichokana, walirudi, wakapeana mgongo, mmoja akaenda kaskazini na mwingine kusini. Kwa hiyo ukitaka ukale wa Meath, uko, ila sidhani kama ndio waliokuwa wakiutafuta. Kamba tuliyoiona ni jambo lililofufuliwa na watu wa juzi kwa kusoma na kukisia.

Kufufuliwa si aibu. Tulikuwa tumesimama juu ya ushahidi. Wakulima walioikuta Tower Hill waliifyeka, wakaichimba mawe, wakailisha mifugo mpaka ikabaki upara. Ilipoamuliwa miti irudishwe, kuanzia miaka ya 1960, watu walikwenda kuuangalia mchoro alioufanya Eugene von Guérard mwaka 1855, wakahesabu ndani yake mti gani ulisimama wapi, wakapanda. Leo mna koala na emu, nao hawaulizi kama msitu ni wa asili au wa kunakili.

Ikiwa umri wa desturi haufungi ndoa, kinachofunga ni nini? Wafanyakazi wenzangu wana jibu jepesi: mapenzi, mengine mapambo. Mimi nimelelewa na babu aliyefungisha ndoa Pangani, na jibu hilo halinipiti kooni.

Babu alikuwa na kisa. Wanaume wamekaa barazani baada ya alasiri, mmoja ana binti. Kijana anayejulikana kwa mzaha akasema, "Baba, nioze." Yule baba naye kwa mzaha, "Nimekuoza, mahari minazi kumi." Kijana, "Nimekubali." Watu wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Mmoja wao hakucheka, akaenda kwa babu. Katika fiqhi tuliyosomeshwa pwani, ndoa, talaka na kumrejea mke ni mambo matatu ambayo mzaha wake ni kweli. Walii alikuwapo, mashahidi walikuwapo, mahari yalitajwa. Babu akasema ndoa imeshika. Kijana akalazimika kutoa talaka, na kwa kuwa hawajaingiliana akadaiwa nusu ya mahari: minazi mitano, ikaandikwa kwa jina la binti.

Binti hakuwa ameulizwa lolote. Utotoni tulisimuliwa kisa hiki tucheke. Siku hizi nikifika hapo nasimama, na hukumu ya babu siwezi kuibeba yote. Kanisa la mjomba yule linakwenda upande mwingine kabisa: aliyetamka kiapo kwa mdomo huku moyoni ameikataa ndoa, hapakuwa na ndoa. Hapo mwenye moyo analindwa. Anayeachwa bila ulinzi ni yule aliyeyasikia maneno akayategemea, akahama nchi, akaacha kazi, kumbe mwenzake alikuwa na lake kifuani. Babu alimlinda msikiaji, akamsahau binti. Mimi ningewataka wote wawili, ila nikilazimishwa kuchagua pa kuanzia, naanza na msikiaji.

Na tazama: babu, Trento na Bunge la Australia wanatofautiana karibu katika kila kitu, lakini wote watatu wanadai masikio ya watu wawili wa pembeni. (Kwa fiqhi ya babu, mwanamke mimi nisingefaa, serikali ya Australia iliniuliza umri tu.) Nikiulizwa nani aliwaozesha, nasema waliozeshana wenyewe, na sisi tuliosikia ndio tuliowazuia kurudi nyuma.

Lakini nikishasema hivyo, siwezi kuishia kwenye kiapo cha ndoa. Kabla ya maneno ya sheria, bwana na bibi harusi walisoma kwa zamu kwamba wanasimama juu ya ardhi ya watu ambao hawajawahi kuitoa kwa hiari. Sentensi za namna hiyo husomwa Australia kila siku, mikutanoni, shuleni, viwanjani, na nyingi huyeyuka kabla msemaji hajakaa. Karibu na Tower Hill lilichimbuliwa shoka la jiwe chini ya majivu ya volkano yaliyomwagika zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, kwa hiyo wenye ardhi walikuwapo moto ulipotoka. Wahanga wa njaa na wa wenye mashamba wa Ayalandi walifika hapa, wakawa wao ndio wenye mashamba. Hilo sijalisikia kwenye tamasha la Koroit. Kwenye harusi lilisemwa, mbele ya mashahidi, tena bila mzaha. Kwa kanuni ya babu, limeshika.

Nilimweleza bwana harusi hivyo baadaye, tukiwa jikoni kwao, na kwa kuwa hakunielewa nikamsimulia kisa cha Pangani. Huku Victoria wapo watu wanaojitoza kodi ya ardhi kila mwezi, wakazilipa fedha hizo kwa wenyeji wa asili bila kulazimishwa na mahakama yoyote. Nikamwambia anaweza kuanzia hapo. Alimcheka sana yule kijana wa barazani. Halafu akamwangalia mkewe, akaniuliza mnazi mmoja siku zile ulikuwa bei gani.