Rais anasamehe nini anapomsamehe msaliti?



Wapendwa vijana, leo tuongee jambo zito kidogo. Kama hujanywa chai, kanywe kwanza.

Swali ni hili: mtu aliyehukumiwa kwa ujasusi au uhaini, yaani aliyetoa siri za nchi kwa maadui au aliyekula njama ya kuipindua serikali, asamehewe? Wengi wetu jibu letu liko mdomoni tayari. Mlevi tunamvumilia, mwenye madeni tunamwonea huruma, hata mwizi kuna siku tunasema basi, shetani alimpitia. Msaliti hapana. Msaliti alikula nasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana kinauma kuliko mkuki wa mtu baki.

Sisi wa Kigera swali hili hatuwezi kulikwepa. Nyegina, alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943, ni majirani zetu. Butiama, alikozikwa, nako si mbali. Na ni jimbo letu la Musoma lililofungua mchakato wa kumfanya mwenyeheri. Mtumishi huyu wa Mungu, tunayemtaja kwenye sala, alikuwa na mamlaka ya kuwasamehe wahaini. Na alisamehe. Ila si wote, wala si kwa wakati mmoja.

Kesi inayojulikana zaidi ni ya Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi wanamjua kama jina la barabara kule Dar es Salaam, wanapita wakiwa kwenye daladala na hawaulizi. Huyu mama aliwaongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955, alizunguka nchi na Mwalimu kudai uhuru. Mwaka 1969 akakamatwa, yeye na wenzake akiwemo Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri, pamoja na maofisa wa jeshi, wakishtakiwa kupanga kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama, alikuwa London. Shahidi mkubwa wa upande wa serikali alikuwa Potlako Leballo, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, ambaye alijifanya yuko pamoja na wapanga njama huku akipeleka habari serikalini. (Angalieni hapo. Kwa hawa alikuwa jasusi, kwa wale alikuwa mwaminifu. Ni mtu yuleyule.) Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 mahakama chini ya Jaji Mkuu Telford Georges ikampa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu akamsamehe, akatoka. Kuna wengine katika kesi ileile waliobaki ndani.

Sasa twende taratibu. Pale Mwalimu alisamehe nini hasa?

Mkatoliki ana msaada wa kujibu hapa, kwa sababu Kanisa linatufundisha kutofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kosa na adhabu. Wakati wa Jubilei ya 2025 wengi wetu tulihiji kutafuta rehema kamili. Katekista alisema tena na tena, mpaka tukachoka, kwamba rehema haiondoi dhambi. Dhambi inaondolewa kwenye kitubio. Rehema inagusa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Basi msamaha wa Rais nao haugusi dhambi ya mtu. Ibara ya 45 ya Katiba yetu ya leo inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, kwa masharti au bila masharti, kumpunguzia adhabu, au kuibadilisha iwe nyepesi zaidi. Mambo ya adhabu tu. Rais si padri. Hamwambii mtu "nenda kwa amani, dhambi zako zimeondolewa." Anamwambia "nenda nyumbani."

Ndiyo maana mtu kama Bibi Titi aliweza kusamehewa huku akiendelea kusema hakutenda. Kwenye kitubio hilo haliwezekani, huwezi kwenda kuungama kwamba huna kosa. Kwenye serikali linawezekana, na mimi naona ni jambo jema, maana majaji ni binadamu. Mlango wa msamaha unamtoa mwenye hatia aliyeadhibiwa vya kutosha, na unaweza pia kumtoa asiye na hatia ambaye ushahidi ulimwangusha.

Tulipolijadili hili kwenye kikundi chetu, kijana mmoja ambaye babu yake hakurudi kutoka vita vya Kagera alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Sawa, Mwalimu alisamehe waliotaka kumpindua yeye. Lakini jasusi akimuuzia adui siri, wanaokufa ni askari. Rais anasamehe kwa damu ya nani? Nani alikuja kumuuliza bibi yangu?"

Jamani, hakuna aliyemjibu pale pale. Na nimelifikiria sana neno lake. Naona ana haki kabisa. Huwezi kufuta deni ambalo mwingine anadai. Msamaha wa yule bibi ni mali yake, hakuna ikulu inayoweza kuutoa kwa niaba yake, wala askofu. Rais akijitangaza kwamba "taifa limesamehe", kidogo anajipa kisicho chake.

Lakini adhabu si mali ya bibi peke yake. Katekisimu (namba 2266) inataja kazi za adhabu: kurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa, kulinda usalama wa watu, na inapowezekana kumsaidia mkosaji abadilike. Sasa mchukue jasusi aliyekaa gerezani miaka ishirini. Siri alizojua zimechakaa, silaha alizochora zimeshakuwa vyuma chakavu, mkuu wake wa kule nje kashakufa. Kumweka ndani kunamlinda nani? Kama hakumlindi yeyote, hakumfundishi yeye, na haki imeshatamkwa mbele ya watu wote, kilichobaki ni sisi kufurahia kumwona akiteseka. Hicho si haki, hata tukikiita hivyo.

Halafu, kusamehe si kumrudishia mtu funguo. Mwaka 2012 Paolo Gabriele, mhudumu wa nyumbani kwa Papa Benedikto XVI, alikamatwa kwa kuchukua nyaraka za siri za Papa na kumpa mwandishi wa habari. Oktoba 6 mahakama ya Vatikano ikampa miezi 18. Desemba 22, siku tatu kabla ya Noeli, Papa mwenyewe akaenda mahali alipofungwa, akaongea naye, akamsamehe. Hapa mtendewa na mwenye mamlaka alikuwa mtu mmoja, kwa hiyo swali la yule kijana halikuwepo. Lakini ona kilichofuata: Vatikano ilisema Gabriele harudi kazini wala haendelei kuishi mle ndani, ila atasaidiwa kuanza maisha mapya nje. Alisamehewa kweli, na funguo zikabaki mlangoni.

Sulemani aliliona hilo zamani. Kuhani Abiathari alimuunga mkono Adonia aliyetaka kunyakua kiti cha ufalme. Sulemani akamwambia waziwazi kwamba anastahili kufa, lakini hatamuua. Akamwondoa kwenye ukuhani na kumrudisha shambani kwake Anathothi (1 Fal 2). Soma sura hiyohiyo uone na upande wa pili. Daudi alikuwa amemwapia Shimei kwamba hatakufa, halafu akiwa kitandani mwa mauti anamwagiza mwanawe amshughulikie. Huo ni msamaha wa mkopo. Kwa kweli sura ile inanitisha, maana naijua tabia hiyo, ya kusema "yameisha" huku daftari la madeni liko mfukoni.

Kuna msamaha mbaya pia, tusidanganyane. Ukitolewa kabla ukweli haujasemwa mahakamani, ni kufunika kombe. Ukitolewa kwa sababu mhaini ni rafiki wa mtawala, ni upendeleo. Na ukitumika kwa watu ambao hawakuwahi kuhukumiwa, jina lake limekosewa. Wakati wa Mwalimu kulikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na ilitumika. Mtu wa namna hiyo akifunguliwa, hajapewa rehema. Amelipwa sehemu ya haki yake, tena kwa kuchelewa. Kumwombea Mwalimu hakutuzuii kulisema hili. Mchakato wa Kanisa wenyewe unataka ukweli wote.

Lililo zito kuliko yote ni kifo. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliomba Julius na Ethel Rosenberg, waliohukumiwa Marekani kwa kuwapa Warusi siri za bomu la atomiki, wasiuawe. Waliuawa Juni 19, wakaacha watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 10 na mwingine 6. Baadaye ilionekana kwamba Julius kweli alikuwa jasusi. Kuhusu Ethel, kaka... samahani, mdogo wake wa kiume aliyemshuhudia mahakamani alikuja kukiri kwamba ushahidi wake haukuwa wa kweli. Mwaka huo hapakuwa tena na wa kumfungulia.

Na hapa kwetu? Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio la mapinduzi Kenya mwaka 1982, alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 tulimrudisha, na Kenya nayo ikaturudishia watu wawili walioshtakiwa kutaka kumpindua Mwalimu na kutoroka gerezani. Wa kwetu walipata kifungo cha maisha, na walikuja kutoka wakiwa hai. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Nilipoyaweka hayo mawili pamoja kwenye karatasi niliacha kuandika kwa siku mbili.

Sheria yetu bado ina adhabu ya kifo kwa uhaini, ingawa tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Papa Fransisko alibadilisha namba 2267 ya Katekisimu mwaka 2018, sasa inasema adhabu hiyo haikubaliki. Kwa hiyo kwenye hilo kijana Mkatoliki hana pa kujificha. Kwenye mengine tunaweza kubishana, na mnakaribishwa tubishane.

Fungu moja la rozari kesho Ijumaa mliweke kwa ajili ya waliohukumiwa kunyongwa na bado wanasubiri. Na jingine kwa ajili ya yule bibi.